Ukurasa wa Afya: Mshipa unaopasuka bila mtu kupigwa

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya presha, ile ambayo wengi wetu tuliotoka Kongo tunaiita tansiyo. Karatasi nyingi zilitiwa katika sanduku la maswali, na karibu zote zilikuwa za chumvi: kama mtu aiache kabisa, kama ile ya mawe ni afadhali, na kadhalika. (Chumvi ni chumvi. Yote ipunguzwe.) Lakini karatasi moja, ya mama mmoja mjane, tumeisoma mara mbili. Anauliza kama mshipa wa damu unaweza kupasuka wenyewe ndani ya tumbo, bila mtu kupigwa wala kuanguka. Mume wake alikula vizuri jioni, usiku akalalamika tumbo na mgongo, alfajiri akawa ameondoka. Tangu hapo watu wa kijiji chao hapa kambini wanaambiana maneno, na kuna jirani mmoja ambaye hasalimiwi tena.

Mama yetu, pole sana. Jibu la swali lako ni ndiyo, unaweza. Hatukumwona mzee wako, kwa hiyo hatuwezi kusema ni nini kilichomuua yeye. Lakini ugonjwa wa namna hiyo upo, una jina, na madaktari wamekata vipande vya mishipa iliyovimba wakaviangalia kwa hadubini, wakaona namna ukuta unavyooza polepole kwa miaka kabla ya usiku ule mmoja. Ndiyo habari ya mwezi huu. Ni ndefu kidogo, mtuvumilie.

Jina lake ni aneurizimu. Wale waliotumika katika hospitali za kwetu wanakumbuka waganga wakisema anevrisma, ni kitu kile kile. Maana yake ni mshipa uliotanuka mahali pamoja ukafanya kama mfuko, kwa sababu ukuta wake umelegea. Unaweza kutokea katika mishipa mingi, ila mahali pake pa kawaida ni kwenye aota, mshipa mkubwa kuliko yote. Aota inatoka moyoni, inapanda kidogo, inajikunja, halafu inashuka mbele ya uti wa mgongo mpaka karibu na kitovu, pale inapogawanyika kwenda miguu yote miwili. Ndani ya tumbo upana wake ni kama sentimita 2, kadiri ya kidole gumba cha mtu mzima. Ukifika sentimita 3 daktari anaandika aneurizimu. Ukifika 5 na nusu kwa mwanaume, au 5 kwa mwanamke, ndipo wanaanza kuzungumza juu ya upasuaji.

Kila mwenye baiskeli anaelewa jambo hili kuliko sisi. Tairi ikiisha upande mmoja, nyuzi zake zinakatika, na tyubu inaanza kuchungulia, inavimba kama yai. Upepo ni ule ule uliotiwa asubuhi. Pampu haina kosa. Ukuta ndio umekwisha. Unaweza kuendesha hivyo siku nyingi, unakwenda sokoni na kurudi, halafu siku moja, hata barabara ikiwa nzuri, pa! Na watu wanashangaa: mbona imepasukia hapa penye lami?

Tofauti ni kwamba tairi ni kitu kilichokufa. Ukuta wa mshipa uko hai.

Ukuta una safu tatu

Safu ya ndani kabisa, ile inayogusana na damu, ni nyembamba sana: seli bapa zilizopangwa moja kando ya nyingine, laini, ili damu ipite bila kuganda. Safu ya katikati ndiyo yenye kazi kubwa. Pale kuna seli za misuli, na katikati ya seli hizo kuna mabamba ya nyuzi zinazovutika kama mpira. Nyuzi hizo zinaitwa elastini. Moyo ukipiga, aota inatanuka. Moyo ukipumzika, elastini inairudisha. Safu ya nje ni ya kamba ngumu zisizovutika, zinaitwa kolajeni, mfano wa kamba ya katani. Humo pia mna vijishipa vidogo sana ambavyo kazi yao ni kuulisha ukuta wenyewe. Ndiyo, mshipa mkubwa nao una mishipa yake midogo ya kuulisha. Mlikumbuke hilo, tutalirudia tukifika kwenye kaswende.

Juu ya elastini kuna jambo moja ambalo sisi wenyewe lilitushangaza. Mwili unaifuma mtoto akiwa tumboni na katika miaka ya utoto. Baadaye kiwanda kinafungwa. Mtu mzima karibu hatengenezi nyingine. Nyuzi ulizofumiwa ulipokuwa mchanga ndizo utakazotembea nazo mpaka uzee, ukimbie vita, uvuke ziwa, ulime, uzae, ni zile zile. Na moyo unapiga kama mara 100,000 kwa siku. Mpaka mtu afike miaka 60, mshipa umetanuka na kurudi zaidi ya mara bilioni 2. Kwa hiyo hata mzee asiye na ugonjwa wo wote, aota yake imekuwa pana kidogo na ngumu kidogo kuliko ya kijana. Huo si ugonjwa, ni umri.

Ugonjwa ni kitu kingine. Kipande cha ukuta wenye aneurizimu kikiwekwa chini ya hadubini, yale mabamba ya elastini hayaonekani tena kama mabamba. Yamekatika katika vipande vipande, mahali pengine hayapo kabisa. Na zile seli za misuli, ambazo ndizo mafundi wa kutunza ukuta, zimepungua sana. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani walizihesabu katika aota za tumbo zenye aneurizimu, wakakuta zimepungua karibu robo tatu zikilinganishwa na aota nzima. Nyingine zinakufa kwa namna ambayo seli inajiua yenyewe kwa utaratibu. Nyingine hazifi, lakini zinaacha kazi yake ya kujikaza na kulegea, zinageuka kuwa kitu kingine, na badala ya kutunza ukuta zinasaidia kuubomoa.

Halafu kuna askari. Damu yetu ina seli nyeupe zinazolinda mwili dhidi ya maadui. Ukuta wa mshipa ukiumia, kwa mafuta yaliyoganda ndani yake au kwa sumu za moshi wa sigara, seli hizo zinaingia kutoka pande zote: zile zinazoitwa makrofaji, na ndugu zao limfosaiti. Zinakuja kusafisha. Lakini makrofaji wanatoa vimeng'enya vinavyokata elastini na kolajeni kama mkasi unavyokata uzi. Na vipande vya elastini vilivyokatika vinakuwa kama harufu inayoita askari wengine. Wanakuja wengi zaidi, wanakata zaidi, vipande vinaongezeka, wengine tena wanaitwa. Askari waliotumwa kulinda kijiji wakabaki, wakaanza kula mbuzi wa kijiji. Kwa wasomaji wa gazeti hili hatuhitaji kueleza zaidi.

Elastini ikiisha, mzigo wote unaangukia kolajeni. Katika miaka ya 1980 mtafiti wa Marekani, Philip Dobrin, alifanya jaribio la wazi kabisa na mishipa iliyotolewa mwilini. Alipoyeyusha elastini peke yake, mshipa ulitanuka lakini haukupasuka. Alipoyeyusha kolajeni, ukapasuka. Hapo tunaona hatua mbili za ugonjwa huu. Kwanza unapoteza mpira, mshipa unavimba, na unaweza kukaa hivyo miaka mingi. Kolajeni, tofauti na elastini, mwili unaendelea kuitengeneza, kwa hiyo kuna mashindano: huku inafumwa, huku inakatwa. Siku mkasi ukimshinda mfumaji, mahali pamoja tu, padogo, ndiyo siku ile.

Kuna jambo lingine linalodanganya hata watu wenye akili. Ndani ya mfuko ule damu inazunguka polepole na inaganda, tabaka juu ya tabaka. Mtu anaweza kufikiri: vizuri, imekuwa kiraka. Sivyo. Damu iliyoganda haina nguvu ya kushika, inauzuilia ukuta hewa safi ya oksijeni, na ndani yake kuna seli nyeupe nyingine zenye vimeng'enya vyao. Ni kiraka kinachokula shati.

Na kadiri mfuko unavyopanuka, ukuta unavutwa kwa nguvu zaidi hata kama presha ni ile ile. Mfaransa mmoja, Laplace, aliandika hesabu yake zaidi ya miaka 200 iliyopita. Ndiyo maana uvimbe mdogo unakua polepole, na mkubwa unakua haraka.

Mkimbizi mmoja aliyekufa kwa ugonjwa huu

Wengi mmewahi kuona picha ya yule mzee mwenye nywele nyeupe zilizosimama, Albert Einstein, mtaalamu wa fizikia. UNHCR iliwahi kuweka picha yake katika mabango yake, kwa sababu naye alikuwa mkimbizi: Myahudi wa Ujerumani ambaye hakurudi tena kwao baada ya Hitler kushika utawala mwaka 1933. Akakaa Princeton, Marekani, mpaka mwisho. Alipenda sana kiko.

Alisumbuliwa na tumbo kwa muda mrefu. Desemba 1948 akafunguliwa tumbo katika hospitali moja ya Brooklyn, New York. Daktari aliyempasua, Rudolf Nissen, naye alikuwa mkimbizi kutoka Ujerumani. Alikimbia mwaka 1933, akatumika kwanza Uturuki, halafu akafika Marekani. Mkimbizi akamfungua mkimbizi mwenzake, akakuta aota imevimba. Wakati ule hakuna daktari aliyekuwa amekata kipande cha aota ya tumbo chenye ugonjwa huu na kuweka kingine. Nissen akafanya lililowezekana: akaizungushia ile aota karatasi ya sellofani, namna ile inayofungia pakiti za sigara na biskuti. Msicheke, ilikuwa na maana. Sellofani inauchokoza mwili, na mwili ukichokozwa unatengeneza kovu, yaani kolajeni mpya, upande wa nje wa mshipa. Alitaka mwili wenyewe uufunge ukuta wake kamba. Einstein aliishi zaidi ya miaka 6 baada ya hapo.

Aprili 1955 maumivu yakarudi. Wakati huo njia nyingine ilikuwa imefunguka: mwaka 1951, Paris, daktari Charles Dubost alikuwa amebadilisha aota ya tumbo iliyovimba kwa kipande cha mshipa wa mtu aliyekufa. Einstein aliambiwa juu ya upasuaji, akakataa. Alisema hapendi kurefusha maisha kwa nguvu. Akafa tarehe 18 Aprili 1955, akiwa na miaka 76. Maiti ilipofunguliwa, ilionekana aneurizimu imepasuka. Na huko Princeton hakuna jirani aliyenyimwa salamu.

Tunasema hivi kwa makusudi. Aota ikipasuka, damu inamwagika ndani, nyuma ya tumbo. Wanaoosha maiti wanaweza kuona tumbo limejaa na kuwa gumu, mwili umepauka, na pengine ubavuni pana madoa meusi kama ya kupigwa. Hapo maneno yanaanza: amepewa sumu, amepigwa usiku na watu wasioonekana. Madoa yale ni damu iliyopita chini ya ngozi kutoka ndani. Hatusemi kila kifo cha ghafla ni aneurizimu. Moyo unaua ghafla, kiharusi pia, na sababu nyingine ambazo munganga hawezi kuzijua bila kupima. Tunachosema ni kwamba tumbo gumu na madoa ubavuni si ushahidi juu ya mtu ye yote. Hapa kambini tunaishi ukuta kwa ukuta, tunachota maji bomba moja. Neno likishatupwa juu ya mtu halirudi, na watoto wake ndio wanaolibeba shuleni.

Ni nani yuko hatarini

Aneurizimu ya tumbo inawapata zaidi wanaume waliopita miaka 65, na zaidi sana wanaovuta au waliowahi kuvuta tumbaku. Kati ya mambo yote ambayo mtu anaweza kuyabadilisha, hakuna linaloshinda tumbaku. Presha ya juu inaongeza. Jamaa nayo ina sehemu yake: kama baba yako au ndugu yako wa tumbo moja alikuwa nayo, wewe uko karibu nayo kuliko wengine. Cha ajabu, wenye kisukari wanaipata kidogo kuliko wengine, na wataalamu bado wanabishana kwa nini. (Hii si sababu ya kuongeza sukari kwenye chai.) Uingereza, tangu mwaka 2009, walianza kuwaita wanaume wote wanapofika miaka 65 wapimwe tumbo mara moja. Kwetu hilo halipo, lakini chombo chenyewe kipo karibu kila mahali: ni ultrasaundi, ile ekografi ambayo akina mama wajawazito wanapimwa nayo. Haiumi, ni dakika chache.

Lakini kwa jamaa zetu kuna milango mingine miwili, na hii haichagui wazee peke yao.

Wa kwanza ni kaswende. Mtu akiipata asitibiwe, kidonda kinapona chenyewe, anafikiri imekwisha. Kumbe imelala. Baada ya miaka 10 mpaka 30 inaweza kuamkia kwenye aota, hasa sehemu inayotoka moyoni. Kumbukeni vile vijishipa vidogo vinavyolisha ukuta. Kaswende inavishambulia hivyo: seli za ulinzi zinavizunguka, vinakuwa vyembamba, vinaziba. Safu ya katikati inakosa chakula, misuli na elastini vinakufa, makovu yanachukua mahali pake, na upande wa ndani unakunjamana kama gome la mti. Ukuta wa namna hiyo unavimba. Kuna wagonjwa ambao uvimbe ulisukuma mpaka ukala mfupa wa kifua. Na haya yote yanazuiliwa kwa penisilini, dawa inayojulikana tangu miaka ya 1940, ya bei ndogo kuliko karibu dawa zote. Mama mjamzito anapochomwa kidole kliniki, kipimo cha kaswende kimo, na siku hizi kinakwenda pamoja na cha VVU. Baba, ukiitwa kliniki kwa sababu ya jibu la mama, usikimbie. Unaokoa mtoto, unaokoa mama, na pengine aota yako ya miaka 20 ijayo.

Wa pili ni VVU yenyewe. Tangu miaka ya 1990 madaktari wa kusini mwa Afrika waliona vijana wenye virusi wakija na aneurizimu mahali pasipo pa kawaida, shingoni au kwenye paja, wakati mwingine zaidi ya moja. Walipoangalia vipande vya ukuta wakakuta tena vile vijishipa vya kulisha vimewaka uvimbe, na safu ya nje imeharibika. Ukiona shingoni au kwenye paja uvimbe unaodunda kama moyo, usikubali mtu ye yote autoboe akidhani ni jipu. Nenda kwa munganga.

Juu ya kichwa tutasema kwa kifupi. Mishipa ya ubongo nayo inapata aneurizimu, vijifuko vidogo kama tunda dogo, mahali mishipa inapogawanyika. Kuta za mishipa ya ubongo ni nyembamba kuliko nyingine, na pale kwenye panda damu inapiga ukuta kila siku mahali pale pale. Kati ya watu wazima 100, kama 3 wanazo, na wengi wao hawatajua maisha yao yote kwa sababu hazipasuki. Ikipasuka, mtu anapata maumivu ya kichwa ambayo hajawahi kuyapata tangu azaliwe, yanakuja mara moja kama pigo la nyundo, anatapika, shingo inakuwa ngumu, pengine anazimia. Hiyo si kichwa cha malaria, wala si ya kusubiri asubuhi.

La kufanya

Aneurizimu ndogo ya tumbo haiumi, ndiyo shida yake. Mtu mwembamba akilala chali anaweza kuona tumbo likidunda kidogo, na hiyo ni kawaida, asiogope. Lakini kama mkono unahisi kitu kipana kinachodunda juu ya kitovu, hasa kwa mzee mwenye historia ya sigara, aombe kupimwa kwa ekografi. Tunajua utani wa kambini, kwamba ukienda na kichwa unapewa panado, ukienda na mguu unapewa panado. Basi usiseme tu tumbo linauma. Sema lilianza lini, liko wapi, linadunda au halidundi, baba yako alikufaje. Maneno hayo yanamsaidia munganga kukutofautisha na watu 80 waliopanga foleni.

Hatari yenyewe ni hii: maumivu makali ya ghafla ya tumbo, mgongo au ubavu, pamoja na jasho baridi, kizunguzungu au kuzimia, kwa mtu mwenye umri. Mara nyingi watu wanasema ni figo au ni mgongo wa kulima. Mzee wa miaka 65 ambaye hajawahi kuwa na mawe ya figo, usiku mmoja akapata maumivu ya namna hiyo, msimkande tumbo, msimpe dawa ya kuharisha, msimngojee mjomba atoke kijiji kingine. Mlazeni, mpelekeni kituo cha afya usiku huo huo, na mseme wazi kwamba alizimia. Ni kweli kwamba wengi ambao aota imepasuka hawafiki. Upasuaji wa aota haufanyiki hapa kambini, unafanyika katika hospitali kubwa chache, na safari ni ndefu. Hatutawadanganya. Lakini kuna wanaovuja kidogo kidogo kabla ya kupasuka kabisa, na hao saa chache zina maana. Aliyegunduliwa mapema ana nafasi nzuri zaidi: siku hizi kipande kibovu kinabadilishwa kwa bomba la kitambaa maalumu, na tangu mwaka 1990, daktari Juan Parodi alipofanya hivyo Buenos Aires, bomba linaweza kuingizwa kupitia mshipa wa paja bila kufungua tumbo.

Dawa ya kumeza je? Hapa tunaomba mtusikilize, maana tunajua vidonge vinavyozunguka sokoni. Doksisiklini, ile kapsuli ambayo wengi mnaifahamu, ina uwezo wa kufunga vile vimeng'enya vinavyokata elastini. Matumaini yalikuwa makubwa. Huko Marekani walijaribu kwa wagonjwa zaidi ya 250 wenye aneurizimu ndogo, kwa miaka miwili, nusu wakipewa doksisiklini na nusu kidonge kisicho na dawa. Majibu yalitoka mwaka 2020: uvimbe ulikua sawasawa kwa wote. Kwa hiyo akija mtu kukuuzia kapsuli za kukaza mishipa, pesa hiyo nunua dagaa.

Kinachobaki ni mambo mawili yasiyo na raha. Tumbaku iachwe, ya sigara na ya kiko. Na presha ipimwe na itibiwe. Ikikaa juu ya 140 kwa 90 mara kwa mara, ni ya kutibiwa. Wengi wetu tunameza dawa wiki tatu, tunajisikia vizuri, tunaacha, au tunagawana na shemeji ambaye naye anasikia kizunguzungu. Dawa ya presha haitengenezi elastini mpya, hakuna kitu kinachotengeneza elastini mpya. Inapunguza tu nguvu ya kila pigo juu ya ukuta ule wa zamani, mara 100,000 kwa siku. Kupima presha hakuna malipo katika kituo cha afya. Njoo umepumzika, usije umekimbia na ndoo kichwani halafu ushangae namba.

Mama uliyetuandikia, tungependa kuzungumza nawe uso kwa uso. Mwambie anayeshika ufunguo wa sanduku, atatuita. Na ukipenda, yule jirani naye aje, tukae pamoja na wazee wa kijiji tuwaeleze wote mara moja, tutakuja na mchoro.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya kuhara kwa watoto wakati wa mvua, na namna ya kuchanganya maji ya chumvi na sukari bila kukosea vipimo. Maswali yatiwe katika sanduku kabla ya tarehe 20. Andikeni kwa herufi kubwa tafadhali, taa yetu ni ndogo.